Mwaka Niliokoroma Bila Kulala

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilikuja Kibaha na shati moja na darasa la nne ambalo sikulimaliza. Nimebeba mchanga wa Ruvu kwa karai kichwani kabla sijaubeba kwa lori, nimeibiwa, nimedhulumiwa, nimepikiwa majungu na watu niliowalisha mezani kwangu, na leo ukisimama Mbwawa ukaulizia tofali lisilovunjika, hata mtoto atakuonyesha geti langu. Kwa hiyo wiki mbili zilizopita, nilipokutana na mtani wangu Kibwana pale Mlandizi nje ya duka la vifaa vya ujenzi, nilijua atanifanyia nini kabla hajanisalimia. Aliweka mfuko wake wa misumari chini, akafumba macho, akakoroma. Akakoroma mara tatu, akanyamaza. Akanyamaza mpaka muuza duka akainua kichwa. Halafu akashtuka kama mtu aliyeibuliwa kisimani, "Hhhkk!", akafumbua macho akasema, "Mnyamwezi! Kumbe bado upo?" Watu wakacheka, nami nikacheka, tukashikana mikono, akaenda zake. Mimi nikaingia garini nikakaa muda mrefu bila kuwasha injini. Mwaka mzima wa maisha yangu ulikuwa umepita ndani ya mkoromo ule, na hapo dukani hakuna aliyejua.

Mwaka wenyewe ni ule niliotimiza arobaini na saba. Nyumba yangu ya Mbwawa ilikuwa imekwisha hata rangi, na chumba changu cha kulala kilikuwa kikubwa kuliko kibanda chote nilichopanga nilipoanza maisha. Kitanda cha mninga, sita kwa sita, fundi alikitengeneza humo humo ndani kwa sababu mlangoni kisingepita. Televisheni ukutani. Friji dogo pembeni, la soda, ili nisinyanyuke. Wageni walikuwa wanaomba kukiona, nami nilikuwa nawaonyesha. Sasa ndani ya chumba hicho mimi nilikuwa silali. Nilikuwa naingia kitandani saa mbili usiku nikiwa hoi, nikigusa mto tu macho yanakuwa makavu. Nahesabu matofali ya kesho, nahesabu mbao za dari. Nikianza kupotea kidogo, kitu kinanikaba kooni, naruka nimekaa, moyo unapiga kama mashine ya kufyatulia matofali. Tangu utoto niliambiwa hilo ni jinamizi, na jinamizi halina daktari. Asubuhi nasema, "Mama Upendo, sikulala hata lepe." Naye, huku anakoroga uji wa ulezi bila kunitazama: "Baba Upendo, acha utani. Umekoroma mpaka bati limeitikia."

Hapo ndipo nilipopotelea. Kwetu sisi mkoromo ni ushahidi. Anayekoroma amelala, tena amelala fofofo, ameshiba na madeni hana. Mimi mwenyewe nilikuwa najisifia nao. Mafundi wakinitania nilikuwa nawaambia huo ni mkoromo wa mwenye nyumba, mpangaji hawezi kuupiga. Sasa mtu kama huyo akija kusema hapati usingizi, nani atamsikiliza? Msimamizi wangu wa kiwandani alicheka. Mzee wa kanisa aliniambia nipunguze kupenda pesa. Nikaenda duka la dawa, nikanunua vidonge vya kulala bila kuandikiwa na mtu, nikala kimoja, baadaye viwili. Vilinilaza kama gogo, na kule kwenye gogo nikakabwa zaidi, nikawa naamka kichwa kinauma kana kwamba nimelala nacho kwenye jiko. Mchana nilikuwa nasinzia mteja akiongea. Siku moja nilisinzia kwenye usukani, nikaamka tairi la mbele limepanda rundo la kokoto. Sikumwambia mtu.

Mke wangu alianza kwa kuhamia chumba cha watoto, ambao walikwishakuwa wakubwa na kuondoka. Akachukua kitanda kimoja kidogo, cha futi tatu na nusu. Nikasema sawa, kelele zangu zinamchosha. Baada ya mwezi akapiga simu kwao Maneromango, kule Kisarawe, akaambiwa mama yake magoti yamemshika. Akafunga begi. "Nakwenda kumwuguza. Akipata nafuu narudi." Bibi, yaani mama mkwe wangu, akapata nafuu, akarudi shambani kupalilia muhogo, mimi nikaambiwa na watu waliomwona. Mke wangu hakurudi. Nikimpigia ananisalimia vizuri, anauliza nimekula nini, halafu anasema simu inaisha chaji. Nilikuwa na kiwanda, nilikuwa na malori matatu, na kitu pekee nilichokitaka mwaka ule kilikuwa mwanamke mmoja arudi alale nyumbani kwangu.

Katikati ya mwaka akafariki mjomba wake, nikaenda msibani Maneromango. Asiyejua mambo haya nimweleze: mimi ni Mnyamwezi, wao ni Wazaramo, sisi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani hana adabu, ndiyo kazi yake. Nilifanya kazi yangu vizuri sana siku ile. Kaburi lilipokuwa tayari nilitangulia kuingia mimi, nikajilaza, nikasema sitoki mpaka Wazaramo wanilipe, babu zangu walipita nchini kwao na mizigo kichwani wakanyimwa hata maji. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka. Walinitoa kwa jogoo. Usiku tukalala wanaume wote kwenye mikeka chini ya turubai, mimi nikiwa nimejibanza pembeni, na asubuhi tukawa tunakunywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha pale Kibwana aliposimama. Alikuwa jirani wa marehemu, Mzaramo wa kwao, na deni la jogoo lilikuwa limemkaa rohoni.

"Jamani," akasema, "jana tulikuwa na misiba miwili. Mmoja tumeuzika. Wa pili ulikuwa hapa kwenye mkeka wangu, kila tukitaka kuuzika, unafufuka." Akajilaza chini, akaanza. Alikoroma, watu wakacheka. Akanyamaza. Akawa anarusha miguu kidogo, tumbo linapanda na kushuka lakini pumzi haitoki. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka kicheko kikaanza kukosa pa kushika. Halafu "Hhhkk!", akaketi, macho yamemtoka, akatazama huku na huku, akalala tena. Watu walilia kwa kucheka. "Mwongo!" nikamwambia. Mzee mmoja akadakia, "Mwongo wapi, mkwe? Mimi mara mbili nilitaka kukumwagia maji." Hapo nikaangalia pembeni nikaona watu wawili hawacheki. Mmoja ni Tumaini, binti wa mdogo wake mke wangu, daktari huko mjini katika kitengo cha masikio, pua na koo. Alikuwa ameshika birika, chai inamwagikia kanga. Wa pili ni mke wangu, kwenye mlango wa jikoni. Alipoona namtazama aligeuza uso.

Tumaini alinifuata kwenye gari. "Shikamoo baba mkubwa. Hivyo ndivyo unavyolala?"

"Marahaba. Mimi silali, mwanangu."

"Ndiyo maana nimeuliza. Nakuamini."

Nilikuwa sijaambiwa neno hilo na mtu kwa muda mrefu, nikajifanya natafuta funguo. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza fundi mpya. Kwamba nikilala koo langu linajifunga, pumzi inakatika, mwili unaniamsha kidogo ili nisife, nakoroma tena, inakatika tena. "Anayekusikia anajua umelala. Wewe unajua hujalala. Wote mnasema kweli." Nikamtajia vidonge vyangu, nikidhani atanisifu kwa kujitibu. Akashika mdomo. "Baba mkubwa, kiwandani kwako una mlinzi?" Ninaye. "Hicho kinachokushtua usiku ndiye mlinzi wako. Wewe kila jioni unamlewesha." Vidonge nikaviacha kwa kupunguza kidogo kidogo, kama alivyonipangia. Nikavaa kifaa cha kidoleni na puani usiku mmoja, hospitalini wakakisoma: pumzi yangu ilikuwa inakatika mara arobaini na moja kwa saa. Akaniambia pia jambo la pili, na nakiri kwamba hili sikulisikiliza. "Una magonjwa mawili kitanda kimoja. Mmoja ni pumzi kukatika, huo una mashine. Mwingine ni kukesha. Kichwa chako kimekwishajifunza kwamba kitanda ni uwanja wa vita, na hilo halina mashine, lina mazoezi. Tusipoyatibu yote, hiyo mashine utaitupa chini ya uvungu."

Nilisikia neno mashine. Kulikuwa na kitu cha kununua, na mimi kununua naweza. Siku hiyo hiyo nikalipa taslimu, nikarudi Kibaha na sanduku: kimashine cha kusukuma hewa, ukubwa wa redio ndogo, bomba refu, na barakoa ya kufunga puani. Nikampigia mke wangu kabla sijafika nyumbani. "Rudi, dawa nimepata." Akasema, "Tuone kwanza." Usiku nikavaa. Kabla ya hapo nilikuwa nakesha. Sasa nikawa nakesha nimefungwa bomba usoni. Hewa ikiingia nami napingana nayo, nasikia moyo wangu, nasikia mkanda unabana sikio, natazama upande wa kitanda ulio mtupu na kitenge chake kilichobaki kwenye msumari. Baada ya robo saa naivua. Wiki ya pili ikawa chini ya uvungu, kama alivyosema.

Lakini Tumaini alikuwa amenipa daftari lenye mistari: umeingia kitandani saa ngapi, umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi. Mimi na madaftari hatujawahi kuelewana. Asubuhi ya kwenda kumwona nikalijaza lote la siku kumi na nne kwa kalamu moja, mezani, huku nakunywa supu. Kulala saa mbili, kuamka saa kumi na moja, vizuri sana, asante. Alilisoma lote. Kisha akachomoa kadi ndogo kwenye mashine, akaiweka kwenye kompyuta. "Baba mkubwa, mashine inasema Jumanne uliivaa dakika kumi na tisa. Jumatano hukuivaa kabisa."

"Inaongopa hiyo."

"Mashine haina sababu ya kujisifu."

Nimetukanwa na watu wazima sokoni sikuinamisha kichwa. Pale niliinamisha. Akanisogezea daftari jipya. "Unamdanganya nani? Usingizi si mteja wako." Basi akanipa masharti. Kitanda ni cha kulala tu. Televisheni itoke, friji litoke, simu na hesabu za matofali zibaki sebuleni. Nikilala macho muda mrefu niondoke, nivue barakoa, nikae sebuleni kwenye mwanga hafifu mpaka usingizi uje wenyewe, ndipo nirudi niivae. Kuamka ni saa kumi na moja na nusu, nimelala sijalala. Na kitandani nisiingie kabla ya saa sita usiku. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kuomba usingizi, wewe unanipunguzia hata huu kidogo?" Akasema, "Ndiyo. Nataka uende kitandani una njaa." Usukani akanipiga marufuku kabisa wiki hizo, na kila baada ya siku chache alinipigia kuuliza kama mchana nasinzia kupita kiasi. Kila alasiri niivae barakoa nikiwa nimekaa, macho, nusu saa, uso uizoee bila vita. Nikawa naivaa sebuleni saa kumi, vijana wa kiwandani wanapita dirishani. Nilikuwa nawasikia. "Bosi kawa rubani." "Rubani wapi, anajazwa upepo huyo, kesho utamkuta anadunda." Nilitaka kutoka niwafukuze kazi, lakini muda wangu ulikuwa haujaisha.

Kuanzia saa mbili mpaka saa sita ndipo nilipojifunza mambo. Nyumba ya vyumba vitano, sahani moja kwenye sinki. Nimekaa kwenye kochi nimevaa msuli, nasikia mabasi ya mikoani yakipunguza mwendo kule barabara kuu. Siku moja nikachukua simu nizungumze na mtu nipoteze saa moja. Majina mia nne na zaidi. Fundi bomba, fundi nondo, mteja Pangani, mteja Visiga, dereva wa zamani. Nikashuka mpaka chini, nikapanda tena mpaka juu. Hakukuwa na mtu ambaye angepokea saa tano usiku asiniulize, "Bosi, kuna tatizo gani?" Mimi ninayejulikana Kibaha nzima. Nikaiweka simu kifudifudi. Mtu mwenye usingizi wake hawezi kujua haya, kwa sababu saa hizo hayupo.

Wiki ya tatu nilikuwa kama mzuka. Wiki ya nne, kuna asubuhi kengele ya simu ililia kule sebuleni nikadhani imekosea. Nilikuwa nimeingia kitandani saa sita. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Katikati hapakuwa na kitu, hakuna dari, hakuna kukabwa. Nikagusa uso, barakoa ipo. Nikakaa kitandani mdomo umekauka, kichwa chepesi kama cha mtoto, nikatafuta mtu wa kumwambia. Nikamwambia daftari. Niliandika ukweli, na mwandiko wangu mbaya ukawa mzuri. Tumaini akaniongezea robo saa, baadaye robo nyingine na nyingine. Nilipofikisha muda wa saa sita na nusu za usingizi kila usiku bila kukosa, nikasema sasa nakwenda kumchukua mke wangu.

Nikaenda kwa barabara ya Mlandizi na Mzenga, nimevaa shati jipya, usukani nimekwisharuhusiwa. Nilikaribishwa vizuri. Ugali wa muhogo, kisamvu kilichotiwa nazi mpaka kinang'aa, na dagaa wa kukaanga ambao bibi aliwachagua mmoja mmoja kwa ajili yangu. Nikala sana, nikajisifu sana, nikaeleza mashine yote mpaka bibi akasema, "Haya mkwe, kajinyooshe." Wakanitandikia mkeka barazani. Nikafumba macho tu, maana mchana nilikuwa nimekatazwa kulala, na jikoni wakadhani nimelala.

"Mumeo amepona," bibi akasema. "Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, mama."

"Ulipokuja hapa ulikuwa unaamka usiku kucha. Unakaa kitandani unasikiliza. Nikasema mwanangu amerogwa."

"Nilikuwa namsikiliza yeye."

"Yeye yuko Kibaha!"

"Masikio yalikuwa hayajui, mama. Kule akikoroma nalala. Akinyamaza naamka. Namtikisa, anavuta pumzi, nalala tena. Miaka kumi na tisa. Kuna siku nilimtikisa hakuitika mpaka nikapiga kelele, yeye akaamka akaniambia namsumbua." Vyombo vikagongana. "Nikahamia chumba cha pili, nikawa nasikiliza kwenye ukuta. Ndipo nikakimbia."

Mimi nililala vile vile kwenye mkeka, macho nimefumba. Nilikuwa nimejua miaka yote kwamba kelele yangu ndiyo iliyomfukuza. Kumbe ni kimya.

Alirudi nami. Hakukataa, alipanda gari siku ile ile na kuku wawili na kisamvu kwenye ndoo. Usiku akaingia kwenye kile chumba nilichokitoa friji na televisheni, akakitazama, akasema, "Kama cha mtawa." Tukalala. Mashine haina kelele, inavuma kidogo kama mtu anayepumua mbali. Nikaamka kwa sababu ya mkono kifuani. Amekaa, ananitazama gizani.

"Ulikuwa kimya," akasema.

"Nimepona, Mama Upendo."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kulala."

Ikawa hivyo kesho yake, na keshokutwa. Akahamia chumba kile kingine, akaacha milango yote miwili wazi. Nikiamka namkuta amesimama kizingitini. Macho yakamwingia ndani, akaunguza maharage, akasahau simu sokoni. Nikamwambia, "Basi nitaivua, nikorome, wewe ulale." Ndiyo mara pekee katika ndoa yetu aliponipandishia sauti. "Nilale kwa kusikiliza unavyokufa? Wewe mwanaume una akili?" Tumaini akaja na daftari jingine, la Mama Upendo safari hii, akamweleza kwamba masikio nayo hufundishika, kwamba ni wiki chache tu za mazoezi kama yangu. Mke wangu alimsikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho. "Asante, mwanangu. Wewe umemponya huyu, Mungu akubariki. Lakini mimi dawa yangu naijua. Maneromango nikilala, naamka jogoo akiwika mara ya tatu." Hakuwa na hasira. Kama angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia. Watu wenye hasira nawaweza.

Aliomba kitu kimoja tu, kile kitanda cha futi tatu na nusu, kwa sababu cha kwa mama yake kilikuwa cha kamba na mgongo ulikuwa unamuuma. Nina malori matatu. Lakini kitanda cha mke wangu kutoka getini kwangu juu ya lori langu, kimepakiwa na vijana wangu, kufika saa sita mchana Mbwawa yote ingekuwa inazungumza. Nikatafuta mtu wa Mlandizi mwenye kigari kidogo, asiyenijua, nikamwambia aje Jumapili kiwanda kikiwa kimefungwa. Nilishika miguuni, dereva kichwani, mke wangu akabeba godoro akikataa kusaidiwa. Akapanda mbele. Akashusha kioo.

"Usiache kuivaa, Baba Upendo."

"Jumamosi nitakuja."

"Njoo," akasema. "Njoo mchana."

Na huwa nakwenda, mpaka leo. Tunakula, tunacheka, jioni nageuza gari. Sisi wote wawili tunalala vizuri sana, kila mtu kwake. Siku ile dereva alisimama mkono mfukoni akisubiri malipo, akaniambia laki moja na nusu, njia ya Mzenga ni mbaya. Mimi sijawahi kulipa bei ya kwanza maishani mwangu. Nikamshusha pale pale, mke wangu akiwa anatazama mbele, mpaka tukakubaliana laki moja na elfu thelathini na tano.